Mimea Iliyotoka Mbali

Mtu ashikaye njia ya Lamadi kwenda Bariadi katika mwezi wa Juni huona pamba nyeupe pande zote mbili, na juu ya majabali yaliyo karibu na kaya huona michembe imeanikwa juani. Mbele ya nyumba umesimama mwembe, kando yake mwarobaini wenye kivuli, na mpaka wa shamba umewekwa kwa katani. Mgeni akiyatazama hayo husema moyoni, "Hakika huu ndio Usukuma wenyewe." Basi, walimu wenzangu na Wakristo wapenzi, katika mimea hiyo mitano hakuna hata mmoja uliozaliwa katika nchi hii. Pamba tuilimayo asili yake ni Mexico na nchi zilizo jirani nayo. Katani nayo ni ya Mexico. Viazi vitamu vilitoka Amerika ya kati na ya kusini. Mwembe na mwarobaini ni watoto wa India na nchi za upande ule. Yote ni mimea ya ugenini, na leo twaiona kama ndugu.

Wengine katika kitabu hiki cha jubilei wameandika habari za makanisa, za shule, na za watu waliotutangulia. Mimi nimechagua habari za mimea, kwa sababu ni historia ambayo kila mmoja wetu aishika mkononi kila siku wala haifikiri. Tena liko swali ndani yake ambalo limenisumbua tangu utoto: Kwa nini mmea mmoja ulioletwa ukaenea nchi nzima, na mwingine ulioletwa kwa upendo mwingi ukakauka bila kuacha hata mche mmoja?

WENYEJI NA WAGENI

Kabla ya wageni hao kufika, babu zetu waliishi kwa mtama na uwele, pamoja na kunde na njugu mawe. Hiyo ni mimea ya Afrika yenyewe. Mtama ulianza kulimwa zamani sana katika nchi za Sudani, na uwele katika nchi kavu za Afrika ya magharibi. Mimea hiyo yajua njaa ya mvua. Jua likizidi, mtama hukunja majani yake na kungoja. Mvua ikirudi, huendelea na kazi yake kama mtu aliyepumzika chini ya mti.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na baada yao mimea ya Amerika ikaanza kuingia Afrika: mahindi, mihogo, viazi vitamu na karanga. Haikupandwa bara na Wareno wenyewe. Ilipita mkono kwa mkono, jirani akimpa jirani, mpaka ikafika mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyejua imetoka wapi. Miembe nayo ilifuata njia ya misafara. Ukienda leo Bagamoyo, Tabora au Ujiji, utaona miembe mikubwa ambayo chini yake walipumzika wapagazi na wafanya biashara wa karne ya 19.

Mwembe haukupata taabu kwetu, na sababu yake si ngumu. Katika nchi yake ya asili iko masika kubwa, na baada yake kiangazi kirefu. Na mwembe hutaka kiangazi hicho ili utoe maua vizuri. Ulipofika kwetu ulikuta majira yaleyale. Mti huo ulibadili nchi, lakini haukubadili majira. Mwarobaini ni vivyo hivyo. Hao ndio wageni wa namna ya kwanza, waliokuta kwetu mambo ya kwao.

Lakini hata mgeni wa namna hiyo alihitaji akili ya mwenyeji. Kiazi kitamu hakikai muda mrefu kikisha kukomaa. Kikiachwa ardhini wakati wa kiangazi, udongo hupasuka na fukusi huingia. Mama zetu walitumia jua lilelile kuwa ghala. Walikata viazi vibichi vipande vyembamba wakavianika, ndiyo michembe. Wengine wakavipika kwanza, kisha wakavikata na kuvianika, ndiyo matobolwa. Chakula cha miezi michache kikawa chakula cha mwaka. Hakuna mgeni aliyetufundisha kazi hiyo.

MBEGU KATIKA MIZIGO

Sasa tuje kwenye mbegu zilizochukuliwa kwa kusudi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, nao wakafanya mashamba makubwa: minazi, vanila na mibuni. Mbuni wao ulitoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Ajabu yake ni hii: mbuni wa namna ile asili yake ni Ethiopia. Ulivuka bahari kwenda Yemen. Mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa wakauchukua toka Yemen mpaka Bourbon. Na kutoka Bourbon ukarudishwa Afrika. Hatimaye Mapadre wale wakaupeleka Kilimanjaro, katika misheni yao ya Kilema iliyoanzishwa mwaka 1890. Huko mlimani ulipata baridi na mvua kama za milima ya Ethiopia, ukastawi, na Wachaga wakaufanya kuwa mali yao. Mti uliozunguka nusu ya dunia ulikuwa umerudi karibu na kwao.

Habari ya katani yaonyesha ugumu wa safari. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya katani kutoka Florida, Marekani. Ilipita Hamburg, na njiani mingi ikafa. Iliyofika hai pwani yetu, upande wa Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutoka katika hiyo 62 yalitokea mashamba ya Tanga yaliyojulikana dunia nzima. Tuangaliapo ua wa katani katika mipaka yetu hapa Bariadi, tukumbuke ile 62.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani, katika milima ya Usambara, mahali pa kujaribu mimea ya nchi zote. Walipanda huko mkwinini, mti wa Amerika ya kusini ambao gome lake hutoa dawa ya homa ya malaria. Na katika vita ya 1914 hadi 1918, meli zilipozuiwa, gome la Amani lilitengenezwa dawa kwa ajili ya askari wao.

Upande wetu wa Ziwa, Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walianza misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Waliotoka pwani walitembea kwa miguu miezi mingi, na kila kitu kilichukuliwa kichwani. Tusiwacheke watu wa namna hiyo tukisikia kwamba mmoja alipanda kitunguu cha kwao au ua la mama yake. Aliye mbali na kwao hupenda kuona jani alijualo.

MTUFAA NYUMA YA NYUMBA YA MAPADRE

Nilipokuwa mtoto, katika parokia moja ya upande wetu, nyuma ya nyumba ya mapadre ulikuwapo mtufaa. Padre mzee aliyeupanda alikuwa ameuleta mche wake kwa taabu kutoka mlimani, kwa kuwa matufaa husitawi Lushoto na Njombe, nchi za baridi. Sisi watoto wa shule tulipewa zamu ya kuumwagilia maji. Tulichukua maji katika kisima cha mbali, wakati mama zetu wenyewe walikuwa na shida ya maji, na wala hatukunung'unika, maana padre yule alitupenda nasi tulimpenda. Mti ulikua, ukatoa majani. Mwaka hata mwaka tulitazamia matunda. Haukuzaa hata moja. Baadaye ukaanza kukauka matawi, na mzee yule alipohamishwa hatukuendelea kuumwagilia.

Watu walisema mengi. Wengine walisema udongo wetu ni mbaya. Wengine wakasema mti wa Ulaya hauwezi kuzaa kwa watu wasio wa Ulaya. Maneno hayo yaliniumiza, kwa kuwa mtoto husadiki. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza sababu. Tumba la mtufaa hulala usingizi, nalo haliamki vema mpaka lihesabu mamia ya saa za baridi kali. Baridi ya Ulaya ndiyo saa yake ya kuamkia. Hapa Bariadi baridi hiyo haiko, hata usiku wa Julai. Mti wetu haukuukataa udongo wetu wala mikono yetu. Ulikuwa ukingojea amri isiyokuja.

Tena nilijifunza mambo mawili yaliyonishangaza. La kwanza: mtufaa wenyewe si mwenyeji wa Ulaya. Asili yake ni milima ya Asia ya kati. Ulaya nako ulifika mgeni. La pili: katika kisiwa cha Java, katika milima ya Batu, wako wakulima walao matufaa ya mashamba yao katika nchi isiyo na majira ya baridi. Hufanyaje? Wakisha kuchuma matunda, huyapukusa majani yote kwa mikono, na mti huchipuka upya na kutoa maua. Kazi ya majira ya baridi huifanya mtu kwa vidole vyake.

Kuna na mgeni ambaye mikono haimsaidii. Mbegu za kitunguu cha Ulaya ya kaskazini zikipandwa huku hutoa majani mazuri bila kufunga kichwa. Kitunguu hungoja mchana mrefu, na huko kwao mchana wa kiangazi hufika saa 16. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Mwalimu wa shule aweza kuyaonyesha hayo kwa tufe la dunia na taa. Hapa dawa si kumwagilia zaidi. Dawa ni kutafuta mbegu nyingine, iliyozoea mchana mfupi. Vitunguu tununuavyo sokoni leo ni vya mbegu za namna hiyo.

NGANO NA ZABIBU

Mimea miwili Kanisa haliwezi kuiacha: ngano kwa ajili ya mkate wa altare, na zabibu kwa ajili ya divai. Hiyo nayo si mimea ya Ulaya kwa asili. Ni ya nchi za Mashariki, na jamaa za ngano na za mzabibu zaota huko mwituni hata leo.

Ngano hupenda ubaridi, nayo hapa kwetu haifai. Katika nchi yetu husitawi katika nyanda za juu, kama upande wa Hanang na milima ya kusini. Hili si jambo la aibu. Kuna mgeni ambaye heshima yake ni kuachwa akae panapomfaa, na sisi tupokee unga.

Lakini mzabibu ulifanya jambo jingine. Watu wa Dodoma husimulia kwamba mzabibu ulianzia kwa wamisionari wa Bihawana, karibu na mji. Dodoma ni nchi kavu kama yetu, wala haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Ulaya mzabibu hupukutika majani, ukalala, kisha ukaamka. Huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Basi mkulima hushika mkasi akaukata matawi, na mkato huo huwa kwake kama majira ya baridi. Akifanya hivyo mara mbili, huvuna mara mbili kwa mwaka. Upungufu wa nchi ukageuka kuwa faida, kwa sababu mtu alijua mmea ule ulinyimwa nini, akaufanyia kwa mkono.

PAMBA

Nimefika kwenye mmea ututunzao. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Bariadi ikiwa makao yake, tayari nchi hii ilijulikana kwa pamba kuliko kwa kitu kingine chochote. Shule nyingi zimejengwa kwa fedha zake, na ada yangu mwenyewe ililipwa kwa pamba ya baba.

Pamba hiyo ililetwa Usukuma wakati wa utawala wa Wajerumani, na ikaongezeka wakati wa Waingereza. Haikuzoea mara moja. Yuko mdudu mdogo wa kijani, mwepesi wa kuruka, afyonzaye maji ya jani mpaka likakunjamana na kuwa jekundu pembeni. Pamba yenye majani laini haikuweza kusimama mbele yake. Huko Afrika ya Kusini wataalamu walichagua pamba yenye majani ya manyoya, kwa maana mdudu yule hashindi manyoya. Kutoka katika ukoo huo, kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1930, kilichagua na kuzalisha mbegu zifaazo nchi yetu. Mbegu zilizoitwa kwa herufi UK, kama UK 91 iliyolimwa miaka mingi, zachukua jina la Ukiriguru. Mwalimu akitaka, na awachukue watoto shambani, awaambie waguse jani kwa kidole. Watahisi manyoya hayo.

Lakini mbegu njema haitoshi. Pamba kwa asili si mmea wa mwaka mmoja. Ikiachwa huishi miaka, ikichipua tena kutoka katika shina la kale. Katika sehemu kubwa ya nchi za pamba za Marekani, majira ya baridi huja na jalidi, jalidi huua mashina, na wadudu wengi hufa kwa kukosa makao. Kwetu hakuna jalidi. Ndiyo maana sheria ya pamba katika kanda yetu hutaka mashina yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe 15 Septemba. Wengi huona ni usumbufu wa serikali. Sivyo. Moto wa Septemba ndiyo jalidi yetu. Mkono wa mkulima hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mbingu.

Nayasema haya kwa kuwa nilikosa mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na safari nyingi za vigango, na mke wangu alikuwa mgonjwa. Sikung'oa pamba yangu. Nilijiambia kwamba mashina yatafaa kuwa kuni, na kwamba shamba moja si kitu. Mvua za kwanza zikanyesha, mashina yakachipua maotea, mabichi, mazuri kwa macho. Nami nikafurahi kama mpumbavu. Msimu ule funza waliingia mapema katika vitumba vya shamba langu, kisha katika shamba la jirani yangu, mjane, aliyekuwa ameng'oa na kuchoma kwa siku yake. Siwezi kuapa kwamba kila funza wake alitoka kwangu. Lakini yeye alitimiza wajibu wake, mimi sikutimiza, na aliyeshindwa kumlipia mtoto wake karo ni yeye. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, nikampa gunia la mtama na siku kumi za jembe. Alinipokea, akasema neno moja tu: "Katekista, shamba lako na langu hayana ukuta." Tangu hapo sijavuka Septemba.

MGENI NA JEMBE

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni aliye mtu neno hilo ni kweli. Kwa mgeni aliye mmea ni kinyume: mwenyeji ndiye ashikaye jembe, wala si kwa siku ya tatu tu, bali kila mwaka. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kumfanyia mgeni yale aliyoyaacha kwao ni kazi ya maisha, na kila kizazi hurithi zamu yake. Mtufaa wetu ulipandwa kwa upendo, lakini hapakuwa na mtu aliyejua haja yake. Michembe haikuletwa na yeyote kwa sherehe, nayo imeokoa watoto wengi katika miaka ya njaa.

Tena tusisahau wenyeji. Mahindi ni matamu, nasi twayapenda; lakini mvua ikikatika wakati wa kutoa ndevu, hayangoji kama mtama ungojavyo. Mwenye busara katika nchi yetu humkaribisha mgeni bila kumfukuza mzee wa nyumba: aache sehemu ya shamba kwa mtama au uwele.

Leo sisi wenyewe tumekuwa wapeleka mbegu. Wasukuma wengi wamehama na ng'ombe wao kwenda Rukwa, Usangu na Kilombero. Dada yangu naye alihama na mumewe kwenda bonde la Rukwa. Siku ya kuondoka alikuja shambani kwangu alfajiri, akakata marando ya viazi, akayafunga katika gunia lililoloweshwa maji. Nilimwuliza kama huko hakuna viazi. Akajibu, "Viko, lakini si hivi." Baada ya miezi akaniletea habari kwamba mengi yalikauka njiani, machache yakashika, na kwamba anayapanda sasa kwa majira ya huko, wala si kwa yale ya kwetu, maana jirani zake Wafipa ndio waliomwonyesha siku.

Nilifurahi kuliko kama angaliniambia yote yameshika. Maana alikuwa amejifunza katika msimu mmoja jambo ambalo mimi nilijifunza kwa hasara ya mjane: achukuaye mmea kwenda ugenini hana budi kuwauliza wenyeji habari za nchi, na kuwasikiliza.